Siri hizi zinamlinda nani?

Wenzangu wa kodi, kuna jambo linanikera: siri za makampuni kuhusu bidhaa mpya. Siri yenyewe sina ugomvi nayo. Hata muuza chipsi hapa mtaani hatangazi masala yake.

Chukua iPhone. Steve Jobs aliionyesha San Francisco tarehe 9 Januari 2007, lakini dukani iliingia 29 Juni. Mbona mapema hivyo? Alieleza mwenyewe siku ile: simu lazima ipitishwe na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, na utaratibu huo ungeianika. Afadhali aseme yeye. Kabla ya hapo ilikuwa kufuli tupu. Scott Forstall, aliyesimamia programu yake, alisimulia mahakamani mwaka 2012 kwamba aliwaita wahandisi bila kuwaambia wanakuja kutengeneza nini, ila usiku na wikendi zao zingeliwa. (Mimi ningekataa. Au pengine ningekubali, nani ajuaye!)

Hadi hapo sawa. Shida ni kilichofuata. Duka la programu lilifunguliwa Julai 2008. Simu iko mifukoni mwa watu, vifaa vya kuandikia programu vinapakuliwa na maelfu, lakini mkataba wa siri bado unawabana. Mtu amekwama usiku wa manane, mwenzake analijua jibu, na haruhusiwi kuliandika hadharani! Siri gani hiyo inayojulikana na wote? Sisi tulio mbali na California kazi hii tumeisomea kwenye majibu ya watu tusiowajua, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Baada ya kelele nyingi, tarehe 1 Oktoba 2008 Apple iliuondoa mkataba huo kwa programu zilizokwisha kutoka.

Sasa tazama M-Pesa. Majaribio yalianza mwaka 2005, nia ikiwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja wa majaribio wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na hicho ndicho kilichozinduliwa Machi 2007. Nani angeligundua hilo akiwa amejifungia ofisini?

Nauliza kwa sababu mteja mmoja ameniletea mkataba wa siri wa kurasa kumi na moja. Programu yenyewe ni ya kuhesabu lita za maziwa ya wakulima. Nimemwambia nitatia sahihi akiniruhusu kuwaonyesha wakulima kumi kwanza. Wiki ya pili hii, hajajibu.