Kichwa Kina Kilo Zake

Pemba, Msumbiji, 4 Juni 2024
Leo nimevuliwa kola. Picha inaonyesha pingili ya shingo iliyopasuka siku ile ya ajali ya lori imeunga, na ile ya kiuno iliyobonyea haijasogea. Nilidhani nitafurahi, kumbe nilishika kidevu kwa mikono miwili kama mtu aliyebebeshwa mtungi wa watu. Mtaalamu wa viungo alicheka. “Mwalimu, kichwa kina kilo nne, tano hivi. Kola imekubebea vya kutosha, misuli imelala. Sasa kibebe mwenyewe.”
Zoezi: kurudisha kidevu nyuma, kushikilia, kuachia. Mtoto wa darasa la kwanza angelidharau. Mimi lilinitoa jasho.

Pemba, 11 Juni
Kwenye foleni ya mazoezi nimekaa na bibi wa Quissanga. Mwaka 2020 wavamizi walipoingia huko, alikimbia na cherehani kichwani, ya chuma, akatembea nayo mpaka alipopata chombo cha kumvusha. Hadi leo mkono wake wa kulia haupiti sikio. Nikamuuliza kwa nini hakuitupa. “Ningeshona na nini?” Yeye hatoki damu wala hana kovu, kwa hiyo hahesabiwi kuwa majeruhi wa vita. Najiuliza ni shingo ngapi za mkoa huu ziko hivyo.

Mocímboa da Praia, 25 Juni
Sikukuu ya Uhuru. Hotuba nimezisikiliza nimeegemea mwembe, kisha nikarudi nyumbani kabla hazijaisha. Safari ya kutoka Pemba iliniumiza kuliko mazoezi yote.
Shangazi ametandika kitanda, anataka nilale. “Mgongo haushindaniwi, mwanangu.” Zamani hata madaktari walisema hivyo, mtu analazwa wiki nzima na zaidi; siku hizi wanakuambia amka mapema, tembea, kwa sababu kulala sana kunadhoofisha misuli inayoishikilia mifupa. Lakini mwambie hayo mama mtu mzima aliyekwisha kukupikia uji! Nikanywa uji, nikatembea uani alipokwenda sokoni.

30 Juni
Shemeji kaleta mkanda wa kiuno kutoka Mtwara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 hauipendekezi mikanda hiyo kwa maumivu sugu ya kiuno, unatilia mkazo mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Kweli unahusu maumivu yasiyojulikana chanzo, na changu nakijua, kina magurudumu sita. Mkanda nimeutundika. Shemeji ameshaniuliza mara mbili kama unabana vizuri.
Shangazi naye ananikanda kwa mafuta ya nazi. Hapo sibishi, usiku nalala. Alipotaka kuivuta shingo ili “ilie”, nilikataa katakata, akanuna mpaka magharibi.

5 Julai
Ijumaa. Nimeswali kwenye kiti, mwisho wa safu. Ruhusa ninayo, mgonjwa husali kadiri awezavyo, wala sioni haya mbele ya Mungu. Haya ni mbele ya wanafunzi wangu, waliokuwa wakigeuka kunitazama kabla ya swala kukimiwa.

16 Agosti
Rukuu sasa naipata, mgongo unanyooka. Kusujudu bado: paji likikaribia mkeka, ganzi inashuka begani hadi kidoleni. Nimempigia simu mtaalamu. Kasema nisilazimishe, na ganzi ikizidi au mkono ukilegea nisingoje, nirudi Pemba. Kaniongezea zoezi la magoti na viganja chini, mkono mmoja mbele, mguu wa upande wa pili nyuma. Wanangu wanalifanya pamoja nami na wananishinda.

8 Septemba
Nimeteka maji. Si dumu la lita ishirini kichwani. Vidumu viwili vya lita tano, mkono huu na huu, nikikunja magoti. Mke wangu alinifuata hadi bombani akijifanya ana shida na jirani.
Wiki ijayo nina miadi Pemba. Utingo anasema nyuma kuna nafasi tele, juu ya magunia ya mchele. Nimemwambia ni kiti cha mbele, la sivyo nitangoja gari la kesho yake. Kataja bei. Tumeanza kupatana.