Kuingia Si Kufaa: Ushuhuda Wangu wa Matairi

Miaka minne ya kwanza ya kumiliki gari, swali langu kwa wauza matairi lilikuwa moja tu: "Hili linaingia?" Nikiambiwa linaingia, nalipa. Naandika kushuhudia kwamba swali hilo nusura linipotezee mama yangu, dada yangu na watoto wake, na kwamba tangu siku ile sijaliuliza tena.

Gari langu ni Toyota Noah ya mwaka 2004, niliyoipata kwa akiba ya mshahara wa ualimu. Tunaishi Kivule, pembezoni mwa Dar es Salaam. Aliyewahi kupita mitaa yetu wakati wa masika anayajua makorongo yake. Asubuhi nyingi nilikuwa nasikia tumbo la gari likikwaruza udongo, nami nasikia uchungu kana kwamba ni mgongo wangu. Jirani mmoja akanishauri niweke matairi makubwa kidogo ili gari linyanyuke. Ushauri ukaniingia.

Basi mwaka 2021 nikaenda kununua matairi ya mtumba. Niliyokuwa nayo yalikuwa 195/65R15. Niliyoonyeshwa yalikuwa 205/70R15. Namba hizo nazijua leo. Siku ile sikuzisoma. Nilitazama kashata, yaani meno ya tairi, nikaziona ndefu, nikatazama weusi wake nikauona unang'aa. Kijana akalipiga tairi kwa kiganja, akasema, "Mama, rimu yako ni 15 na hii ni 15. Inaingia bila shida." Na kweli, yakaingia yote manne. Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha, nikasimama uani nikilitazama gari limekaa kwa kujidai.

Dalili zilianza wiki ileile. Nikikata usukani hadi mwisho, mbele kulikuwa na mkwaruzo. Gari lilikuwa zito kuondoka na zito kupanda kilima. Nikipakia watu, nikipita kwenye tuta, nyuma kulilia kitu kama kiatu kinachoburutwa sakafuni. Nilijiambia litazoea. Gari halizoei, kinachozoea ni masikio ya dereva.

Desemba ya mwaka huohuo tukafunga safari kwenda Tanga kwa sikukuu. Tulikuwa wanane: mama, dada, wanawe wanne, mdogo wetu wa kiume na mimi kwenye usukani. Mizigo ilijaa hadi kwenye kioo cha nyuma. Tulipita Chalinze saa tano, jua limewaka. Tulipokaribia Mkata, mama akasema, "Kuna harufu ya mpira unaungua." Sikuwahi kumjibu. Mlipuko ukasikika nyuma kushoto, gari likayumba kuelekea katikati ya barabara, na mbele yetu basi lilikuwa linakuja.

Mwalimu wangu wa udereva alinifundisha kwamba tairi likipasuka usikanyage breki kwa pupa. Shika usukani kwa mikono miwili, toa mguu kwenye mafuta, acha gari lipungue lenyewe. Ndivyo nilivyofanya, na Mungu akatenda yaliyobaki. Basi likapita likipiga honi. Tulisimama kwenye majani kando ya barabara, watoto wanalia, mama ameshika rozari hasemi neno.

Kijana wa bodaboda alituletea fundi pancha, mzee mwenye mikono myeusi kwa kazi. Alipiga jeki, akafungua tairi lililopasuka, akashusha spea tairi iliyokuwa bado ile ya zamani. Kabla ya kuifunga aliyasimamisha yote mawili sambamba kwenye lami, akaniita.

"Mwanangu, hawa ni ndugu?"

Nikaona kwa macho yangu. Moja lilimpita mwenzake kwa zaidi ya sentimita tatu. Akanishika mkono akaupeleka chini ya ukingo wa bati lililo juu ya tairi. Palikuwa pamesuguliwa hadi chuma kinang'aa, pakali kama kisu kilichonolewa. Kisha akanionyesha ubavu wa tairi, pale unapokutana na kashata: mfereji umechimbwa kuzunguka tairi zima. Gari likiwa tupu, bati lilikuwa mbali. Lilipobeba watu wanane na mizigo likashuka, na kila tuta likawa pigo la msumeno.

Hakuishia hapo. Alifuta vumbi kwa kidole, akaniambia nisome tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zilikuwa 1909. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: tairi lile lilitengenezwa wiki ya 19 ya mwaka 2009. Lilikuwa limeishi miaka kumi na miwili. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, hukauka na kuweka nyufa nyembamba, hata kama kashata bado ni ndefu. Weusi nilioupenda ulikuwa wa kupakwa.

Tulifika Tanga usiku, kwa mwendo wa polepole. Nilipopata utulivu nilichukua kalamu. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na hesabu hii ilikuwa ya kidato cha kwanza. Katika 195/65R15, namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 126.75. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, radiali. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Jumlisha rimu na mbavu mbili, tairi zima lina kimo cha milimita 634.5. Fanya hivyo kwa 205/70R15, unapata 668. Tofauti ni milimita 33.5, zaidi kidogo ya asilimia tano.

Nikaona mambo mawili yaliyonitoa machozi. Kwanza, mshale wa spidi haujui kama umebadilisha tairi. Pale uliposoma 80 kama zamani, magurudumu yalikuwa yanakwenda 84. Nilikuwa naiendesha familia yangu kwa mwendo nisioujua. Pili, tairi likiongezeka kimo, nusu tu ya nyongeza huwa chini ya ekseli, na hiyo ndiyo inayolinyanyua gari. Nusu ya 33.5 ni karibu milimita 17. Niliweka kidole changu cha shahada mezani, nikapima upana wake: ni huohuo. Kwa upana wa kidole kimoja nilikuwa nimewaweka rehani watu saba.

Niliporudi Dar nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka minne. Nilifungua mlango wa dereva nikachuchumaa. Kwenye nguzo, chini kidogo, kuna kibandiko. Maneno yake ni ya Kijapani, lakini tarakimu hazihitaji mkalimani: 195/65R15, na pembeni kiwango cha upepo kwa kPa. Ukiona 220 kPa, ni kama 32 psi kwenye geji za mafundi wetu. Walioandika kibandiko kile ndio waliolipima gari uzito, mzunguko na breki zake. Jibu la swali langu lilikuwa linanisubiri pale kila nilipopanda garini.

Dukani safari ile nilikwenda na namba kwenye karatasi. Muuzaji hakuwa na saizi yangu. Akaleta 195/60R15, akasema, "Dada, hizi zinaingia vizuri tu." Nikapiga hesabu palepale: yangelishusha gari karibu sentimita moja, nami natoka Kivule. Nikasoma namba ya uzito iliyofuata saizi: 88, maana yake kila tairi hubeba kilo 560. Langu linatakiwa 91, yaani kilo 615. Nikamjibu, "Zinaingia, ndugu yangu, lakini hazifai." Nilizunguka maduka matatu hadi nikapata manne mapya, saizi ileile ya kibandiko, 91S, ya mwaka uleule. Herufi S ni mwendo wa juu linaoumudu, kilomita 180 kwa saa. Nililipa zaidi ya mara mbili ya yale ya mtumba. Mashimo ya Kivule nayakwepa kwa subira, na pale pabaya zaidi majirani tulichangishana tukamwaga kifusi.

Siku hizi nikifundisha asilimia, nawatoa wanafunzi nje hadi kwenye gari. Kila mmoja anasoma ubavu wa tairi na kutafuta kimo chake. Wiki inayofuata wananiletea namba za magari ya wazazi wao, na mara mbili sasa mzazi amenipigia simu kushukuru, baada ya mtoto kugundua kwamba matairi ya gari la nyumbani hayalingani.

Ndugu msomaji, usimwachie muuzaji uamuzi huu, kwa kuwa yeye hatakuwa nawe Mkata. Soma saizi, soma namba ya uzito, soma tarakimu nne za umri, na hakikisha matairi ya ekseli moja ni ndugu. Na kabla hujatoa hata shilingi, fungua mlango wa dereva usome kibandiko.