Vigingi Vitano vya Pembe

Durham, North Carolina

Dada,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara mbili nilifuata maneno, mara ya tatu nilikuwa namsikiliza yule jogoo wa jirani anayewika nyuma yako kana kwamba ndiye aliyeulizwa. Umeniuliza jambo moja tu: Desemba nikija Ilboru kwenye kipaimara cha kijana, nitakuja na "kile kigitaa cha ngozi"? Jibu fupi ni kwamba kigitaa hicho, kama kilivyokuwa, kingetua uwanja wa ndege wa KIA mimi ningelala rumande. Jibu refu ni barua hii, na kwa kuwa mhariri naye ananidai, nimeona wasomaji waisikie. Mambo ya mashamba na ya shemeji nimeyaacha.

Kwanza si gitaa, ni banjo. Lilitengenezwa Philadelphia miaka ya 1890 katika kiwanda cha S. S. Stewart, aliyekuwa na jina kubwa katika kazi hiyo. Mimi nililinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama nyumba na kugawa vitu. Shingo ni ndefu, imelazwa ubao mweusi juu yake. Duara la mbao limevikwa bati jeupe kwa nje, na juu ya duara imewambwa ngozi ya ndama, si plastiki kama mabanjo ya siku hizi. Ukiligonga kwa kidole kabla ya kugusa uzi wowote, linaitika kama ngoma. Tena ndiyo ngoma yenyewe, ila imeota shingo.

Na ngozi, unajua tabia yake. Kiangazi cha huku kina unyevu wa Tanga, si wa kwetu. Ngozi inalegea, kile kidaraja kinachobeba nyuzi kinazama, na sauti inakuwa ya mtu anayeongea huku ana ugali mdomoni. Ukija msimu wa baridi, nyumba zinapashwa moto, hewa inakauka na ngozi inakaza mpaka sauti inakata kama wembe. Nimejifunza kutyuni asubuhi na jioni, na siku ya mvua saa kwa saa. Wapigaji wengi wamechoka na usumbufu huu, wamehamia plastiki. Siwalaumu, lakini nikisikia banjo la plastiki najua ni la plastiki hata nikiwa chumba cha pili.

Sasa, dada, watu wa huku wakiniona nalo hunishika mkono kwa furaha: wewe ni Mwafrika, hiki ni chombo chenu! Mwanzoni nilikuwa natabasamu na kukubali. Siku hizi nawasahihisha, na wengine hawapendi. Banjo lina asili ya Afrika, hilo halina ubishi, lakini ni Afrika Magharibi. Wajola wa Senegal na Gambia mpaka leo wanapiga akonting: kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini mrefu, nyuzi tatu, na mmoja kati yake ni mfupi. Watu wa pande zile ndio waliopakiwa melini na kupelekwa Karibiani, wakaunda upya walichokikumbuka. Hans Sloane, daktari mzaliwa wa Ireland, aliwakuta Jamaika miaka ya 1687 hadi 1689, akachapisha na mchoro wa vyombo vyao mwaka 1707. Baadaye likaja jambo la aibu: wazungu waliojipaka masizi usoni, wakaenda majukwaani kuwaigiza watumwa ili watu wacheke, na banjo mkononi. Joel Sweeney wa Virginia ndiye aliyevuma mapema, miaka ya 1830 na 1840. Si ajabu wajukuu wa wenye chombo waliona haya kukishika, na kikabaki kwa wazungu wa milimani.

Wachache hawakukiacha. Mwendo wa nusu saa kutoka hapa nilipo pana mji mdogo unaitwa Mebane, na pale aliishi Joe Thompson, mzee mweusi mpiga fidla, aliyefariki 2012. Nyumbani kwao fidla na banjo vilikuwa vitu vya ukoo. Mwaka 2005 vijana watatu weusi, Rhiannon Giddens akiwa mmoja wao, walianza kwenda kukaa miguuni pake na kujifunza. Wakaunda kundi la Carolina Chocolate Drops, na 2011 wakapata Grammy. Hao ndio warithi. Mimi wa Ilboru ni mgeni aliyekaribishwa, tena mgeni mwenye vidole vizito.

Kwani babu zetu walikuwa na nyuzi gani? Wagogo wana zeze, Wasukuma wana zeze, watu wa pwani wana udi na gambusi. Mwarusha, kama Mmasai, chombo chake ni koo. Hata ngoma hatukuwa nayo. Tarumbeta tulizikuta kwa Walutheri. Lakini hapo kwenye koo ndipo nilipokutana na banjo bila kutarajia. Lina nyuzi tano, na wa tano ni mfupi, unaanzia katikati ya shingo. Uzi huo haubonyezwi. Unapiga kwa kushusha ukucha wa kidole cha shahada kwenye nyuzi ndefu, kisha kidole gumba kinaudaka huo mfupi, na sauti yake ni ileile mwanzo hadi mwisho wa wimbo, hata wimbo uende wapi. Miezi mitatu ulinikera. Usiku mmoja nikaacha kuupigania, nikasikia kumbe ni vijana wetu wamesimama duara: olaranyani anatangulia na maneno, wenzake wameshikilia ile ngurumo ya kooni isiyoondoka mahali pake. Tofauti ni kwamba ngurumo yetu iko chini na uzi huu uko juu kabisa. Nililiweka banjo chini nikakaa kimya. X Plastaz wa hapo Arusha walishaiweka sauti hiyo ndani ya hip hop zamani. Mimi nimechelewa tu.

Kuna aliyekuja kwetu kutafuta upande wa pili wa habari hii. Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani, alisafiri 2005 kupitia Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Filamu iliyotokana na safari hiyo, ya 2008, inaitwa Throw Down Your Heart, ambayo ni tafsiri ya lile jina la Bagamoyo, bwaga moyo. Itafute uone mahali anapokaa na Anania Ngoliga, yule msanii wetu asiyeona. Anania anaimba, anapiga marimba ya vidole, anacheka, na anamwongoza mgeni kama mtoto anayevushwa barabara. Mwaka 2009 Anania na John Kitime wakaja kuzunguka naye huku Marekani. Katika filamu nzima sehemu hiyo ndiyo naipenda kuliko zote, ingawa wajuzi wa banjo husifia zaidi Gambia na Mali.

Bagamoyo, ambako misafara ya pembe iliishia, inanirudisha kwenye swali lako. Vigingi vitano vya kukazia nyuzi kwenye banjo langu vilikuwa vya pembe za ndovu. Zama zile ilikuwa kawaida kwa mabanjo ya bei. Kigingi hakisemi kilitoka kwa tembo wa wapi. Ninachojua ni kwamba Marekani ilitia saini mkataba na Sultani Sayyid Said mwaka 1833, ikafungua ubalozi mdogo Zanzibar 1837, na kwa miaka mingi meli zao zilileta vitambaa tulivyoviita merikani, zikaondoka na pembe zilizofika pwani mabegani mwa wapagazi. Viwanda vya Deep River na Ivoryton, kule Connecticut, vilizikata kuwa vitana na funguo za piano. Nikikaza uzi huwa nawafikiria wale wapagazi, halafu najikumbusha nisijitie majonzi ya bure, niendelee kutyuni.

Serikali haina majonzi, ina sheria. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya pembe ipigwe marufuku duniani, na 1989 ikapigwa. Hata hivyo, kati ya 2009 na 2014 tembo wetu walishuka kutoka 109,000 hivi hadi 43,000. Mwaka 2019 yule mama wa Kichina aliyeitwa Malkia wa Pembe akahukumiwa miaka 15 pale mahakama ya Kisutu. Sasa mimi niteremke KIA, nimweleze ofisa wa forodha kwamba hizi za kwangu ni za zamani, ni za muziki? Ningemcheka mtu wa namna hiyo.

Nimekwenda kwa fundi. Amevitoa vigingi vile taratibu kwa kijiti na nyundo ndogo, akavitia kwenye bahasha, na bahasha iko kwenye droo yangu, itabaki huku. Mahali pake amechonga vipya kwa mpingo, ule uleule wa kwetu unaotengeneza klarineti za ulimwengu, na ambao marehemu Sebastian Chuwa alihangaika kuupanda upya kule Kilimanjaro kuanzia 1996. Mpingo nao uliwekewa karatasi za kusafiria mwaka 2017, ila 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaachiwa. Kwa hiyo nitakuja na banjo lenye masikio meusi. Fundi anasema sauti haijabadilika. Mimi nasikia imebadilika kidogo, lakini pengine ni ubishi wangu.

Mwambie kijana nitapiga baada ya ibada, si kanisani. Tarumbeta za usharika zitanifunika. Na Desemba ikiwa na mvua kama mwaka ule, ukungu wa Meru ukashuka mpaka kwenye migomba, ngozi italegea kabla sijamaliza wimbo wa kwanza. Jiko moja la mkaa usiliweke kwenye nyama choma. Liache barazani, karibu na kiti changu.