Mila za kwetu ndizo ugali wangu

Msomaji mpenzi, yamkini unaye kijana nyumbani aliyemaliza kidato cha nne, naye amekuambia kwamba anataka kusomea utalii wa kitamaduni. Yamkini umeshtuka. Baba yangu, mkulima wa mahindi upande wa Webuye, alishtuka vilevile. "Mila zinasomewa chuoni," aliniuliza, "na nyanya yako yuko hapa jikoni?"

Huo haukuwa mzaha, kwa maana karo ingetokana na ng'ombe wa maziwa. Tangu nianze kazi ya kuwatembeza wageni kati ya Kitale na Bungoma, nimelitafakari sana swali hilo, na leo nataka kukueleza niliyoyaona.

Chuo hakikunifunza mila. Kilinifunza kazi: jinsi ya kumpokea mgeni, kupanga safari na kupiga hesabu zake, kutoa huduma ya kwanza, na kusimulia jambo bila kumchosha msikilizaji. Ukihitimu, kuna mtihani wa chama cha waongozaji wa watalii, KPSGA, wenye ngazi ya shaba, ya fedha na ya dhahabu. Kisha kuna leseni ya serikali. Hayo yote kijana mwenye bidii atayapata.

Lakini mgeni halipi pesa zake kuona cheti. Anataka kuelezwa. Chukua Makavazi ya Kitale. Mkoloni mmoja, mwanajeshi Hugh Stoneham, alianzisha jumba lake la makumbusho mwaka wa 1926. Alipofariki mwaka wa 1966 akaliachia taifa mkusanyo wake, na mwaka wa 1974 makavazi ya sasa yakafunguliwa. Uani mna nyumba za kienyeji za jamii zetu. Bila mtu wa kuzisimulia, hizo ni udongo na nyasi tu.

Siku moja nilikuwa hapo na wanafunzi kutoka Mlima Elgon na wengine kutoka Kimilili. Nikawatajia marika ya Wabukusu, ambayo ni manane na huzunguka kwa zamu: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Msichana mmoja Msabaot akainua mkono. "Hayo ni ya kwetu," akasema, na akaanza kuyahesabu kwa vidole: Korongoro, Maina, Chumo, Sawe...

Kukawa kimya. Msomaji, unajua yaliyotendeka huku. Mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992 yaliacha makaburi pande zote, na Mlima Elgon ukalia tena kuanzia 2006 hadi 2008. Watoto wale walikuwa wamesikia mengi nyumbani kuhusu ubaya wa jirani. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba babu zao waliitwa kwa majina yanayokaribiana hivyo, wala kwamba Wabukusu wana koo ambazo asili yake ni Wakalenjin. Maelezo hayo sikuyapata darasani. Nilipewa na wazee wa Chwele na Kapsokwony, kwa kukaa nao siku nyingi, daftari mkononi na kilo ya sukari mfukoni. Mla cha uvunguni sharti ainame.

Wazee hao pia ndio walionifunza mipaka. Tohara ya Wabukusu hufanywa Agosti ya mwaka usiogawika kwa shida, yaani 2022, 2024 na kuendelea vivyo hivyo. Ngoma na njuga za wavulana zikisikika barabarani, kila mtu hutazama, na mgeni anakaribishwa. Lakini msimu mmoja wageni wangu walitaka kuingia na kamera katika nyumba wanamokaa wavulana baada ya kutahiriwa, na wakataja kiasi cha pesa ambacho kingenilipia kodi ya miezi mitatu. Mimi mwenyewe ni mwanamke, nyumba hiyo siingii. Niliwauliza wazee, wakakataa. Nikarudisha arbuni, na wageni wakaenda zao. Niliumia, sitakudanganya. Ila hadi leo milango ya wazee hao iko wazi kwangu, na bila milango hiyo sina kazi.

Kuhusu mapato, nitasema wazi. Si kazi ya mshahara wa mwisho wa mwezi. Ipo miezi ambayo simu hailii, nami hutegemea kuku na shamba dogo. Wageni wangu wengi si Wazungu, ni wanafunzi na jamaa kutoka Nairobi wanaotaka watoto wao wajue kwao. Nawapeleka Chetambe, ngome ambako Wabukusu walipambana na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895, kisha maporomoko ya Nabuyole kwenye Mto Nzoia. Wakitaka mlima, nawaonyesha mapango ambamo Joseph Thomson alikuta watu wakiishi na mifugo wao mwaka wa 1883. Tukila, tunakula kwa akina mama wa hapo, nao wakapata chao. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi mzazi, usimkatalie mwanao kwa haraka, na usilipe karo kwa haraka. Kabla ya kumpeleka chuoni, mpe likizo moja. Muulize babu yake alikuwa wa rika gani, na rika hilo lilikumbukwa kwa jambo gani. Kutojua si hoja, wengi wetu hatujui. Tazama tu kama atainuka, avae viatu, aende kuuliza. Akirudi jioni na jibu pamoja na maswali mengine matano, mtafutie karo.