Haraka ya Mgeni

Nyamirambo, Kigali

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na picha za gari tumezitazama moja moja, mimi na mkaza mjomba wako. Hiace iliyokuwa ya abiria umeigeuza nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi, friji ndogo, tangi la maji. Unasema baada ya Idi mtatoka Morogoro, wewe na mkeo na watoto, mpite Singida, Nzega na Kahama, mvuke Rusumo mje kwetu, kisha mwende Musanze na kurudi kwa njia ya Kampala. Tumefurahi sana. Nyumba hii ni yenu.

Umeniuliza: gari likifia njiani huku ugenini, ufanye nini? Umeuliza mapema, na hilo limenipendeza. Njia ya kutoka Isaka hadi Rusumo nimeipita miaka mingi nikiwa na lori, na tangu nihamie mji huu nimekwenda mara nyingi kuwaitikia watu wa kwetu waliokwama. Neno langu kubwa ni moja, na mengine yote yanatoka humo: ugenini, haraka ya mwenye gari inamgharimu kuliko ubovu wa gari lenyewe. Mpira wa rejeta haumwingizi mtu kwenye umaskini. Anayeingia umaskini ni yule aliyeona mshale wa joto unapanda akasema, "Nitafika tu."

Nianze na milima. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku maji ya wazi huchemka karibu na nyuzi 95. Ndani ya rejeta kinachoyazuia yasichemke mapema ni presha, na presha hushikwa na mfuniko. Mfuniko ukichoka, mpira wake ukakatika, gari lililokuwa zima kwenye tambarare ya Dodoma litachemsha kwenye mpando wa kwanza. Kwa hiyo badilisha mfuniko kabla ya kuondoka, na mimina kulanti, usitegemee maji ya bomba. Beba mkanda wa feni, mipira ya rejeta, fyuzi, na filta ya mafuta. Tangi lako la maji likiwa na lita 100, ujue umebeba kilo 100. Lipunguze kabla ya kupanda Shyorongi unapotoka Kigali kwenda Musanze.

Mshale ukipanda, zima kiyoyozi, fungulia hita yote hata kama mtatokwa jasho, maana hita huchota joto kwenye injini, kisha tafuta pa kusimama. Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto. Watu wameungua nyuso. Subiri nusu saa au zaidi. Baada ya hapo tazama mipira, mkanda na chini ya gari. Chomoa na kijiti cha oili: ikiwa oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye injini, na safari ya siku hiyo imekwisha. Usiwashe tena. Gasketi ya silinda hedi hubadilishwa, lakini ukiendelea kulikimbiza gari, hedi yenyewe itapinda, na bei itakuwa nyingine kabisa.

Kwenye mteremko, kama ule wa Buranga kwenye njia ya Musanze, shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Ukisikia harufu ya breki kuungua, simama mahali tambarare na uziache zipoe zenyewe. Usizimwagie maji, maana chuma cha moto kikipozwa ghafla hupinda au kupasuka.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapoogopa. Ukivuka daraja la Mto Kagera pale Rusumo unahama upande. Kwetu Tanzania tunaendesha kushoto. Rwanda ni kulia. Hiace yako ina usukani wa kulia, na mlango wake wa kuburuta uko kushoto. Ukiegesha Morogoro, mlango huo unafungukia pembeni ya barabara. Ukiegesha huku, unafungukia katikati ya barabara, magari yanapopita. Gari likizima ghafla, jambo la kwanza ambalo mtoto hufanya ni kuvuta mlango aruke nje. Kwa hiyo kabla hamjafika Rusumo, waambie watoto sheria moja: huku hakuna anayegusa mlango wa pembeni mpaka baba aseme. Wote watoke kwa mlango wako wa dereva, upande wa mtaro, wakae mbali na lami na mbali na gari. Mkeo awashike mikono kwanza, mengine yatasubiri.

Wakishakaa salama, washa taa za hatari na upeleke pembetatu nyuma hatua zisizopungua hamsini. Ikiwa umekwama baada ya kona, pembetatu iwe kabla ya kona. Dereva anayekuja aione akiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo. Ukilazimika kukata matawi kama wafanyavyo watu wa malori, yaondoe yote ukiondoka. Usimwage oili chakavu kwenye mtaro, wala usiache chochote nyuma. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008, kwa hiyo hata spea zako usizifunge kwa rambo. Tumia mfuko wa kitambaa au boksi.

Namba za kushika ni hizi: 112 ya polisi, 113 ya ajali za barabarani, na 912 ya gari la wagonjwa. Polisi akija, msalimie, mweleze lililotokea, mwonyeshe karatasi. Usithubutu kumpa "ya soda". Hapa hilo ni kosa zito, na utakuwa umegeuza ubovu wa gari kuwa kesi. Ukisema ukweli, mara nyingi yeye ndiye atakayekusaidia kupata brekidauni.

Brekidauni mkubaliane bei na mahali pa kushushia kabla kamba haijafungwa. Na ikiwa gari lako ni la gia otomatiki, usikubali livutwe mwendo mrefu magurudumu yakiwa chini. Gia boksi itaungua, nawe utatengeneza vitu viwili badala ya kimoja. Sema libebwe.

Mjini Kigali mwambie dereva wa brekidauni akupeleke Gatsata, jirani na Nyabugogo, penye magereji na maduka ya spea. Kiswahili kinasikika huko, na ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Hapa kwetu Nyamirambo ndiyo usiseme. Hata hivyo anza na "Muraho", na ukimaliza sema "Murakoze". Mwenyeji akisalimiwa kwa lugha yake hukuona mtu wa adabu, na mtu wa adabu huelekezwa kwa fundi mzuri.

Usimpe kazi fundi wa kwanza kwa sababu tu amefika wa kwanza. Mwambie makanika dalili ulizoziona, wala usimtajie ugonjwa. Ukisema "pampu ya maji imekufa", atakubadilishia pampu. Sema mshale ulipanda wapi, maji yalivuja upande gani, mlio ulianza lini. Akitaka kuifungua injini, muulize anatafuta nini ndani. Ikiwa kazi ni kubwa, pata maneno ya fundi wa pili. Bei ya ufundi iwe mbali na bei ya spea, zote ziandikwe kabla ya kazi kuanza, na kifaa cha zamani urudishiwe mkononi. Kila dukani dai risiti ya mashine, ile wanayoiita EBM; ni haki yako, na ndiyo itakayokutetea spea ikikataa.

Kaa hapo gereji mpaka kazi iishe. Gari hilo ni geni hata kwa fundi hodari, kwa sababu waya za friji, taa za ndani na betri ya pili umezifunga wewe. Chora mchoro wa umeme huo kwenye karatasi, uonyeshe kila fyuzi, na uubandike ndani ya mlango. Madereva wa magari ya kulala huangushwa mara nyingi na betri kuliko injini: friji imenyonya umeme usiku kucha, asubuhi gari haliwaki, na mtu anaanza kushuku stata. Hakikisha betri ya friji na betri ya kuwashia gari zinatenganishwa injini ikizimwa.

Kwenye spea, haraka itakudanganya tena. Magari mengi ya Rwanda yana usukani wa kushoto. Mkanda, plagi, filta na vifaa vingi vya injini utapata bila shida ukitaja namba ya chesisi na aina ya injini, na vitu hivyo viwili uvipige picha leo. Lakini kifaa cha usukani, taa za mbele, au chochote kinachofuata upande wa dereva, cha hapa huenda kisikae kwenye gari lako. Usimruhusu mtu akichonge na kukilazimisha. Usukani si mahali pa kubahatisha. Uganda wanaendesha kushoto kama sisi, na soko la Kisekka mjini Kampala limejaa spea za magari ya Japani yenye usukani wa kulia. Kifaa kinaweza kuletwa na mabasi ya Kampala na Kigali yanayopita Gatuna, mpaka uliofunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022 baada ya kufungwa takribani miaka mitatu. Agiza kwa mtu unayemwamini, kifaa kije na risiti yake na kipite forodhani kwa uwazi. Kungoja siku mbili kwangu hapa, ukila ugali wa mkaza mjomba wako, ni rahisi kuliko kushuka Buranga na usukani wa kuungaunga.

Karatasi nazo zina tarehe. Pale Rusumo gari lako litapewa kibali cha muda. Siku za gari na siku zako mwenyewe si kitu kimoja. Kila moja ina karatasi yake. Gari likikaa gereji na tarehe ikakaribia, nenda Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kabla haijapita, ukiwa na maandishi ya gereji yanayoeleza ubovu. Anayekwenda kabla huitwa mwombaji, na anayekwenda baada huitwa mkosaji. Usisahau pia bima ya kuvuka mpaka, Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini bado imo katika mpango wa kadi hiyo, na kampuni za bima za nyumbani huitoa. Elewa tu kazi yake: inalipa madhara unayomfanyia mtu mwingine barabarani. Haivuti gari lako wala hainunui spea. Pesa ya ubovu iweke kando mwenyewe, na usiiguse kwa matembezi.

Tazama na kalenda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni Umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tano. Maduka na magereji hufungwa na magari hayatembei ovyo. Ikikukuta hapo, chukua jembe uungane na majirani. Wageni hukaribishwa, na huko ndiko utakakofahamiana na watu watakaokusaidia mchana. Na kuanzia tarehe 7 Aprili ni juma la kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Ukiwa njiani siku hizo, zima muziki, vaa na zungumza kwa staha, usiulize watu habari za makabila, na uvumilie fundi akikuambia leo alasiri hafanyi kazi. Ana makaburi ya kuyakumbuka.

La mwisho ni la usiku. Gari likikwama jioni, usiwalaze watoto kando ya barabara. Omba ua wa nyumba ya wageni, wa msikiti au wa kanisa, ujitambulishe kwa kiongozi wa mtaa. Usiku wa huku una baridi, nawe umetoka nchi ya joto. Wallahi nakuusia: usiwashe jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa ili kupata joto, na jiko la gesi lisiwake mkilala. Hewa ya sumu ya majiko hayo haina harufu wala haimwamshi mtu. Familia hulala ikiwa nzima, ikakutwa asubuhi haipumui. Chukueni blanketi nzito.

Mpwa wangu, gari ni chuma na chuma hupatikana. Mkeo na wanao ni amana uliyokabidhiwa. Pakiwa na shaka kati ya kufika leo na kufika salama, simama. Piga simu wakati wowote, hata usiku wa manane. Mimi nitakuja, na nisipoweza nitamtuma mtu ninayemwamini. Mwenyezi Mungu awafikishe.

Mjomba wako