Faida ya Kufuma kwa Kroshia

Wengi hudhani ya kuwa kufuma kwa kroshia ni kazi ya kupitisha wakati tu. Sivyo. Viazi vilipooza mashambani katika nchi ya Ayalandi tangu mwaka 1845, njaa kuu iliingia, watu wengi mno wakafa. Mwaka 1847 Cassandra Hand, mke wa kasisi wa mji wa Clones, alianzisha mafundisho ya kroshia kwa wanawake maskini, nao wakauza kazi za mikono yao wakapata chakula.

Sisi hatukupata chakula kwa kroshia, bali tulipata fundisho. Mama yetu alipougua, ilitupasa kukaa kando ya kitanda chake kila jioni baada ya kazi ya shule. Yeye ndiye aliyetutia sindano mkononi.

Vifaa ni viwili tu: uzi, na sindano moja yenye ncha kama ndoana. Anayeanza na achague uzi mnene, mweupe, apate kuiona kazi yake vizuri. Hufunga kitanzi, huvuta uzi ndani yake, kikapatikana kitanzi cha pili. Vikifuatana huwa mnyororo, nao ndio msingi.

Tulianza kitambaa cha mviringo cha meza. Mzunguko wa kwanza una mishono 6, wa pili 12, wa tatu 18, na kila mzunguko huongezwa 6. Mama alituonya tuhesabu. Lakini kwa haraka yetu tuliacha kuongeza, tukaendelea mizunguko kumi, tukitumaini hataona. Kitambaa kikajikunja kama bakuli. Mama akakipapasa, akasema, "Mwanangu, rudi mpaka ulipokosea."

Tukajibu, "Lakini, mama, hii ni kazi ya siku nne!"

Akanyamaza, akaturudishia kitambaa. Basi tukavuta uzi kwa uchungu. Ukafumuka wote, wala haukukatika hata mahali pamoja, tukafuma tena kwa uzi ule ule.

Mama alifariki kabla hatujamaliza mzunguko wa mwisho. Kitambaa chake ki juu ya meza yetu hata leo, kimelala sawasawa. Na tangu siku hizo, mtoto akikosa hesabu darasani, hatumkemei kama zamani. Twamwambia arudi mpaka alipokosea, kwa maana uzi haujapotea.