Gogo Nyuma ya Gurudumu: Siku Tatu katika Bonde la Rye

Msafiri atokaye Leeds kwenda pwani ya Scarborough, akisha kuupita mji mdogo wa Thirsk, huona mbele yake ukuta mrefu wa mlima uliosimama ghafla juu ya mashamba ya ngano. Hapo ndipo Sutton Bank, ukingo wa nyanda za juu za Yorkshire ya Kaskazini, nchini Uingereza. Barabara ya A170 huupanda ukuta huo kwa kona kali, na penye ukali wa mwisho hupanda futi 1 kwa kila futi 4. Chini ya mlima kipo kibao kisemacho kwamba karavani haziruhusiwi kupanda wala kushuka.

Karavani, ndugu msomaji, si msafara wa ngamia. Ni nyumba ndogo ya magurudumu, yenye vitanda, jiko na meza, ikokotwayo nyuma ya gari la kawaida. Waingereza huipenda mno wakati wa kiangazi. Nasi tulikuwa nayo moja, ya kukodi, mwezi wa Agosti 2019: mimi, binti yangu ambaye ni muuguzi huko Leeds, mume wake, na mjukuu wangu wa kike aliyekuwa na miaka 7. Kwa kukitii kibao tukazunguka kwa njia ndogo za kusini, tukaingia bonde la mto Rye alasiri.

Bonde hilo ni zuri ajabu. Humo yamo magofu ya Rievaulx, monasteri iliyojengwa na watawa kuanzia mwaka 1132, ikafungwa mwaka 1538 kwa amri ya Mfalme Henry VIII. Nguzo zake bado zimesimama bila paa, na kondoo hula majani kando ya ukuta. Niliketi pale nikafikiri jinsi watawa walivyoyapandisha mawe yale. Lakini sikukusudia kuandika habari za watawa.

Tulipanga katika shamba la mkulima mmoja. Sheria ya huko, kwa kupitia vyama vya wenye karavani, huruhusu shamba dogo kupokea karavani zisizozidi 5 bila matata ya vibali, na kwa hiyo mashamba mengi hufanya hivyo. Nafasi tuliyopewa ilikuwa mteremkoni. Mkwe wangu akasimamisha gari likiwa limeelekeza pua mlimani, karavani nyuma yake. Akashuka, akavuta breki ya mkono ya karavani, akateremsha lile gurudumu dogo la mbele, akaanza kuifungua shingo ya karavani kutoka kwenye gari.

Nami nikamtazama. Sharti niseme ukweli: katika ujana wangu, miaka ya 1970, nilikuwa utingo wa lori, na mlima wa Kitonga kule Iringa naujua kona kwa kona. Kazi ya utingo, lori linapokata pumzi mlimani, ni kuruka chini na gogo mkononi na kulisukumiza nyuma ya gurudumu kabla dereva hajasema neno. Niliona kwamba nyuma ya magurudumu ya karavani hapakuwa na gogo wala jiwe. Niliona, nikanyamaza. Mkwe ni mkwe. Nilikuwa mgeni wake, naye alikuwa amelisoma kijitabu chote cha maelekezo. Nikajisemea moyoni, huenda Wazungu wana ufundi wao.

Shingo ilipoachana na gari, karavani ilitoa mlio kama mlango wa zamani, ikarudi nyuma. Mjukuu wangu alikuwa nyuma yake, ameinama akiokota mpira. Mama yake akapiga ukelele ambao hata leo nikiukumbuka mwili hunisisimka. Kisha ikasimama, kama vile imeshikwa na mkono. Baadaye nilipima: ilikuwa imerudi shubiri moja na nusu. Mtoto aliguswa begani, basi. Hakuumia.

Mkwe wangu alitetemeka kwa hasira. “Baba, hawa wametukodisha kitu kibovu!” Akatoa simu apige kwa wenye karavani awaambie maneno yao. Jirani yetu, mzee wa Kiingereza aliyekuwa akinywa chai mlangoni pa karavani yake, akaja polepole na vipande viwili vya mbao. Akavikaza nyuma ya magurudumu kwanza, ndipo akasema kwamba breki ile ni nzima, na kwamba imefanya kama ilivyoundwa.

Alitueleza hivi. Karavani haina dereva wala kanyagio la breki. Gari lipunguzapo mwendo, karavani huja kwa uzito wake na kuisukuma ile shingo. Shingo hurudi ndani kidogo, ikavuta fimbo ipitayo chini ya sakafu, fimbo nayo ikavuta waya ziendazo magurudumuni, na viatu vya breki vikabana. Ni ufundi wa akili, ila una dosari yake: dereva akitaka kurudi nyuma, gari huisukuma shingo ile ile, na breki ingebana kana kwamba anateremka mlima. Ndiyo maana mafundi wakatia hila ndani ya gurudumu: likianza kuzunguka kinyumenyume, kiatu kimoja hujikunja na kuachia.

Breki ya mkono nayo hutumia viatu hivyo hivyo. Basi karavani ikiegeshwa ikielekea mlimani, uzito huivuta nyuma, gurudumu huzunguka kidogo, na kiatu huachia. Hapo springi kali iliyo kando ya mkono wa breki huuvuta mkono huo uende juu zaidi, ulegevu ukaisha, breki ikabana tena. Kati ya kuachia na kubana ndipo penye ile shubiri na nusu. Ikielekea bondeni jambo hilo halitokei. Kanuni za Ulaya zataka breki hiyo iweze kuishikilia trela yenye shehena kamili kwenye mteremko wa asilimia 18, na kweli huishikilia, lakini baada ya kusogea.

Mzee akamwonyesha mkwe wangu afanyeje: avute breki mpaka juu kabisa, karavani ikiwa bado imefungwa kwenye gari, airudishe nyuma kidogo, autazame mkono wa breki ukipanda wenyewe, kisha kabari magurudumuni upande wa bondeni, ndipo afungue. Ile miguu minne ya pembeni, alisema, ni ya kuzuia nyumba isitikisike watu wanapotembea ndani, si ya kuishika mlimani.

Usiku ule nilimwambia binti yangu kwamba nililiona gogo halipo. Alinitazama kwa muda mrefu. “Baba,” akasema, “siku nyingine sema.” Hakuongeza neno, akaenda kumfunika mtoto.

Siku ya tatu tuliondoka. Mkwe wangu alirudisha gari, akaifunga karavani, akafunga na ule waya mwembamba ambao, shingo ikichomoka njiani, huvuta breki ya mkono. Mjukuu wangu alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, mkono juu ya mbao ya mzee. Nikamwambia aitoe twende. Akatikisa kichwa, akasubiri mpaka baba yake alipoketi garini na kukanyaga breki.

“Bado, Babu,” akasema. “Sasa.”